Maswali ya Wasomaji: Larry Adler, Bingwa wa Harmonika

Katika toleo lililopita tulimtaja kwa aya moja tu Larry Adler, mpigaji wa harmonika (kinanda kidogo cha mdomo) kutoka Marekani, tukasema kwamba alianza kujulikana baada ya kushinda mashindano akiwa mtoto wa miaka 13. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe iliyoibeba, kwa hiyo safu nzima ya mara hii tumeitenga kwa ajili yake. Barua tumezifupisha, lakini maswali ni ya wasomaji wenyewe.

SWALI: Ndugu Mhariri, mlimwita Adler bingwa. Bingwa wa nini hasa, na ni nani aliyempa ubingwa huo? Wanamuziki wengi hujitangaza kuwa mabingwa kwenye mabango yao bila kushindana na mtu. — Msomaji wa Tanga

JIBU: Shaka yako ina msingi, ndugu yetu, maana katika burudani mtu mara nyingi hujipa ubingwa mwenyewe. Kwa Adler, hata hivyo, mashindano yalikuwapo. Alizaliwa tarehe 10 Februari 1914 mjini Baltimore, katika jimbo la Maryland, kwenye familia ya Kiyahudi yenye asili ya Urusi, na baba yake alikuwa fundi bomba. Mwaka 1927 gazeti la Baltimore Sun lilidhamini mashindano ya kumpata bingwa wa harmonika wa Maryland, na Adler akayashinda. Hilo ndilo taji lake, la jimbo moja la Marekani, wala si la dunia kama mabango ya baadaye yalivyoweza kumfanya mtu adhani.

Usilidharau taji hilo kwa sababu ya udogo wa eneo lake. Katika miaka ile ya 1920 harmonika ilikuwa imeenea mno miongoni mwa watoto wa miji ya Marekani, kwa kuwa ilikuwa ala ya bei nafuu inayoingia mfukoni, na watu wazima waliona ni njia nzuri ya kuwashughulisha vijana. Huko Philadelphia, kwa mfano, kulikuwa na bendi kubwa ya wavulana wapiga harmonika iliyoongozwa na Albert Hoxie. Ushindani ulikuwa mkali, basi, na kilichomtenga Adler na wenzake ni uchaguzi wake wa wimbo. Wakati nyimbo nyepesi zilizozoeleka ndizo zilizotarajiwa kwa ala kama ile, yeye alipiga Minueti ya Beethoven katika ufunguo wa G. Kwa maoni yetu uamuzi huo wa mtoto wa miaka 13 unaeleza maisha yake yote yaliyofuata: aliichukua ala iliyohesabiwa kuwa kitu cha kuchezea watoto, akaipeleka mahali ambapo hakuna aliyeitarajia.

Jambo la kushangaza ni kwamba shule ya muziki ilikuwa imekwisha kumkataa. Alikuwa amepokelewa katika chuo cha muziki cha Peabody, hapo hapo Baltimore, ajifunze piano, kisha akafukuzwa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, kosa lake lilikuwa kwamba siku ya onyesho la wanafunzi aliudhiwa na mwalimu, akaacha kipande alichopangiwa na kupiga wimbo wa mitaani uliohusu ndizi. Tunaandika “kwa masimulizi yake mwenyewe” kwa makusudi, kwa sababu Adler alikuwa msimuliaji hodari, na mengi yanayorudiwa juu yake yalitoka kinywani mwake. Msomaji atatuona tukirudi kwenye tahadhari hiyo mara kwa mara.

Mwaka 1928 aliondoka nyumbani kwenda New York akiwa na miaka 14. Alikwenda kujaribiwa na Borrah Minevitch, kiongozi wa kundi la wapiga harmonika lililokuwa maarufu kuliko yote wakati huo, naye akamwambia wazi kwamba hafai kitu. Rudy Vallee, mwimbaji aliyekuwa akipendwa sana, ndiye aliyempa nafasi ya kusikika, na kutoka hapo akaingia katika maonyesho ya jukwaani na kwenye filamu. Mwaka 1934 mwandaaji wa maonyesho kutoka Uingereza, C. B. Cochran, alimchukua akapige London. Waingereza walimpenda kwa namna ambayo Wamarekani walikuwa bado hawajafanya. Harmonika zikanunuliwa kwa wingi madukani, na kampuni ya Hohner ya Ujerumani ikatengeneza harmonika zenye jina lake. Mwaka 1938, akiwa Paris, alirekodi pamoja na mpiga gitaa Django Reinhardt, na rekodi hizo bado zinasikilizika vizuri hadi leo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kwaya. Sielewi kinanda kidogo cha mdomo kinawezaje kusimama mbele ya okestra nzima na kupiga muziki ulioandikwa kwa ajili ya fidla. Je, noti zote zimo, au mpigaji anaziruka? — Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, noti zote zimo, lakini si katika kila harmonika. Ile ya kawaida, yenye matundu 10, ina vilimi 20 vya shaba, yaani vipande vyembamba vinavyotikiswa na hewa, kimoja cha kupuliza na kimoja cha kuvuta pumzi kwa kila tundu, nayo imepangwa kwa ufunguo mmoja. Wapigaji wa blues huipenda hiyo, na kwa kuibana pumzi hupata noti nyingine ambazo mtengenezaji hakuziweka. Adler alitumia aina nyingine, iitwayo harmonika ya kromatiki, ambayo ina kitufe upande wa kulia. Ile ya ukubwa wa kawaida ina matundu 12 na vilimi 48.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa do-re-mi, mpangilio wake utakuwa rahisi kwako. Katika matundu manne ya mwanzo ukipuliza unapata do, mi, so na do ya juu. Ukivuta pumzi unapata re, fa, la na ti. Matundu manne yanayofuata yanarudia hayo hayo oktava moja juu, na manne ya mwisho vivyo hivyo, kwa hiyo ala nzima inabeba oktava tatu. Ukibonyeza kitufe, kibao chembamba kilichomo ndani kinasogea, pumzi inaelekezwa kwenye vilimi vya jirani, na kila noti inapanda kwa nusu toni. Hivyo noti nyeusi na nyeupe za piano zote zinapatikana mdomoni. Ipo pia harmonika kubwa zaidi ya matundu 16 na vilimi 64, yenye oktava nne.

Ugumu uko kwenye pumzi. Mpiga filimbi hupuliza tu, na anapotaka hewa husimama. Mpiga harmonika hupuliza na kuvuta katikati ya sentensi moja ya muziki, wakati mwingine kwa noti mbili zinazofuatana, na msikilizaji hapaswi kusikia mahali pumzi ilipogeuka. Kosa dogo la hesabu ya hewa linamwacha mpigaji na mapafu yaliyojaa wakati noti tano zijazo ni za kuvuta. Adler aliimudu kazi hiyo kana kwamba anaimba, na huenda sababu ni kwamba uimbaji ndio uliomtangulia: alisema kwamba utotoni aliongoza nyimbo za sala katika sinagogi. Mikono yake nayo ilifanya kazi kubwa. Kiganja kilichozunguka ala kilifunguka na kufungwa polepole, sauti ikatetemeka, ikafifia na kuchomoza, mambo ambayo vilimi vya shaba peke yake havijui kuyafanya.

Wapenzi wa taarab watafurahi kujua kwamba akodiani, ambayo kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa ala za vikundi vya Zanzibar, inatoa sauti kwa njia ile ile ya vilimi vinavyotikiswa na hewa. Tofauti ni kwamba akodiani ina mivukuto inayotia hewa, ilhali mpiga harmonika ni mivukuto yake mwenyewe, na ndiyo maana sauti yake hubeba hisia za mtu mmoja mmoja zaidi.

Sasa, kuhusu okestra. Kwa miaka mingi Adler alipiga kwa sikio tu vipande vilivyoandikwa kwa ajili ya ala nyingine, kwa kuwa hakujua kusoma noti hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati alipokuwa tayari mashuhuri. Fikiria mwanamuziki anayehifadhi kichwani konseto nzima, yaani kazi ndefu ya ala moja ikisindikizwa na okestra, kwa kusikiliza santuri tu. Baadaye watunzi walianza kumwandikia yeye mwenyewe, na hapa ndipo tunapoona ushindi wake mkubwa kuliko lile taji la mwaka 1927. Jean Berger alimwandikia konseto; Darius Milhaud, Mfaransa, alimwandikia kazi yake iitwayo Suite anglaise; Arthur Benjamin alimwandikia konseto nyingine; na Malcolm Arnold akafuata na ya kwake mwaka 1954.

Kazi inayopigwa mara nyingi zaidi leo pengine ni ile ya Ralph Vaughan Williams, mzee wa muziki wa Uingereza, iliyotungwa mwaka 1951 kwa ajili ya harmonika, nyuzi na piano. Mtunzi huyo, aliyekuwa akikaribia miaka 80, alitaka kwanza kujua kutoka kwa Adler ala ile inaweza nini na haiwezi nini, kisha akaandika ipasavyo. Ilipigwa kwa mara ya kwanza New York mwezi Mei 1952, na katika matamasha ya Proms ya London mwaka huo huo wasikilizaji waliipenda kiasi kwamba ilibidi irudiwe. Ukitaka kuanza kumsikiliza Adler, Mwalimu, anza na hiyo: ni fupi, ni ya utulivu, na inaonyesha harmonika ikisema mambo ambayo fidla ingeyasema kwa namna nyingine kabisa.

SWALI: Nimesikia kwamba alifukuzwa Marekani kwa ajili ya siasa. Alitenda kosa gani? Alihukumiwa? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Hakufukuzwa na mahakama yoyote, wala hakupatikana na kosa. Kilichompata kilikuwa cha namna nyingine, na pengine kibaya zaidi kwa msanii: simu ya kazi iliacha kulia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani iliingia katika kipindi cha kuwasaka watu waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Kamati ya bunge ilipoanza kuwahoji watu wa filamu mwaka 1947, Adler alijiunga na wasanii waliopinga mahojiano hayo kwa hoja kwamba katiba yao inalinda uhuru wa mawazo. Mwaka uliofuata alimuunga mkono Henry Wallace, mgombea urais aliyekuwa nje ya vyama viwili vikubwa. Haya yalifanywa na mtu ambaye wakati wa vita alikuwa amezunguka na mchekeshaji Jack Benny kuwatumbuiza askari wa Marekani, zikiwemo safari za mwaka 1943 barani Afrika na Mashariki ya Kati.

Wakati huo Adler alikuwa akifanya maonyesho pamoja na mcheza dansi Paul Draper, na wawili hao walikuwa wakilipwa vizuri sana. Onyesho lao lilipopangwa kufanyika Greenwich, katika jimbo la Connecticut, mkazi mmoja wa mji huo aliandika barua gazetini akidai kwamba wasanii hao wanaunga mkono ukomunisti, na kwamba fedha za wananchi zisiwafikie. Walimshtaki kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa mwaka 1950, na baraza la waamuzi likashindwa kufikia uamuzi wa pamoja. Kisheria hakuna aliyeshinda. Kwa hali halisi walishindwa wao, kwa sababu wenye kumbi na redio hawakutaka kujiingiza katika jambo lenye utata. Adler alihamia London, akaishi huko sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki.

Tukio linaloonyesha vizuri ujinga wa kipindi hicho linahusu filamu ya Kiingereza ya mwaka 1953 iitwayo Genevieve, ya kuchekesha, kuhusu watu wanaoshindana kwa magari ya kale. Muziki wake ulitungwa na kupigwa na Adler, na harmonika yake ndiyo inayokumbukwa na kila aliyeitazama. Filamu ilipopelekwa Marekani, jina lake liliondolewa katika nakala za huko. Muziki ukapendekezwa kushindania tuzo ya Oscar, lakini kwa kuwa mtunzi halisi hakutajwa, pendekezo liliandikwa kwa jina la Muir Mathieson, aliyeiongoza okestra. Ilichukua hadi mwaka 1986 kwa kumbukumbu hizo kusahihishwa na heshima kurudishwa kwa mwenyewe, miaka zaidi ya 30 baadaye. Adler hakuwa mtu wa kusamehe mambo haya kwa upole, na hatuoni sababu ya kumlaumu kwa hilo.

SWALI: Je, ni kweli kwamba alicheza tenisi na Charlie Chaplin, Greta Garbo na Salvador Dalí kwa wakati mmoja, na kwamba Gershwin alimpigia piano? — Msomaji, Mombasa

JIBU: La tenisi alilisimulia yeye, akalirudia kwa miaka mingi, na ni hadithi tamu mno, hatutaki kuiapia. La George Gershwin, mtunzi wa Marekani, lina uzito zaidi kwa sababu muziki wenyewe umebaki. Adler alisimulia kwamba walikutana kwenye karamu miaka ya 1930, Gershwin akakaa kwenye piano, wakapiga pamoja kipande chake Rhapsody in Blue, na mtunzi akamaliza kwa kusema kwamba kinasikika kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya Adler. Ukweli wa maneno hayo uweke kando. Kipande hicho kilikuwa nguzo ya maonyesho yake mpaka uzeeni.

Na uzee huo haukuwa wa kukaa kibarazani. Mwimbaji wa Uingereza Sting alimwita apige katika albamu yake ya mwaka 1993, na harmonika inayosikika katika wimbo wa Shape of My Heart ni ya mzee huyu, aliyekuwa akikaribia miaka 80. Mwaka uliofuata George Martin, aliyewahi kulisimamia kundi la Beatles studioni, alitayarisha albamu ya nyimbo za Gershwin kumpongeza Adler kwa kutimiza miaka 80. Sting, Elton John, Kate Bush, Peter Gabriel na Cher walikuwa miongoni mwa walioimba, naye akipiga pamoja nao. Albamu hiyo ilifika nafasi ya pili katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Adler alifariki London mwezi Agosti 2001 akiwa na miaka 87.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina miaka 16 na nimepewa zawadi ya harmonika ya matundu 10. Naweza kufuata njia ya Adler kwa hiyo, au nianze kutafuta nyingine? Na siku hizi mashindano bado yapo? — Mwanafunzi, Bukoba

JIBU: Marahaba, mwanetu. Mashindano yapo: mji wa Trossingen nchini Ujerumani, ambako Matthias Hohner alianzisha kiwanda chake mwaka 1857, umekuwa ukiandaa tamasha la dunia la harmonika linalowakutanisha wapigaji kutoka mabara mbalimbali, na wale wa Asia wamekuwa tishio kubwa kwa vikundi na kwa mpigaji mmoja mmoja.

Muziki wa Adler hutaupiga wote kwa ala uliyo nayo, lakini usiiache. Jifunze kwanza kutoa noti moja safi bila kugusa jirani zake, ama kwa kubana midomo ama kwa kuziba matundu mengine kwa ulimi, kwa maana kazi hiyo ni ile ile katika kila harmonika. Kisha chukua wimbo unaoujua vizuri, hata wa kanisani au wa shuleni, uutafute kwa sikio. Ala yako ikiwa ya ufunguo wa C, anzia tundu la nne na uishie la saba: hapo oktava nzima ya do-re-mi imekamilika. Chini ya hapo baadhi ya noti hazikuwekwa, na wanaoanza hudhani ala ni mbovu.

Sikiliza na wengine, usimsikilize Adler peke yake. Tommy Reilly, aliyezaliwa Kanada mwaka 1919, alikuwa kinyume chake kwa tabia: msomi wa noti, mwenye nidhamu ya mpiga fidla, na alifanya mazoezi makali akiwa mfungwa nchini Ujerumani wakati wa vita. Kwa usafi wa noti tunamweka mbele ya Adler, ingawa kwa joto la sauti hatudhani alimfikia. Halafu yupo Toots Thielemans wa Ubelgiji, aliyezaliwa Brussels mwaka 1922 na kufariki mwaka 2016. Huyu alianza na akodiani akiwa mtoto mdogo, akamwona Adler kwenye filamu, akanunua harmonika, na baadaye akaifanya iwe ala kamili ya jazi. Mwimbaji wa Marekani Stevie Wonder naye hupiga kromatiki, na pengine umekwisha kumsikia bila kujua kwamba ile ni ndugu ya ala iliyo mkononi mwako.

Kuhusu utunzaji: suuza kinywa kabla ya kupiga, hasa ukiwa umekunywa soda au chai ya sukari, kwa kuwa utomvu wa sukari hugandisha vilimi. Ukimaliza, igonge taratibu kwenye kiganja, matundu yakitazama chini, mate yatoke, na uiache ipate hewa kabla ya kuirudisha kwenye kisanduku. Ikiwa sehemu ya katikati ni ya mti na si ya plastiki, usiiloweke majini hata kama utaambiwa inatoa sauti kubwa zaidi ikilowa. Mti huvimba, hupasuka, na midomo yako ndiyo itakayochubuka.